Habari za Maisha ya Askari wa Keya na Jamaa Zao: Haja na Njia ya Kuzihifadhi

Jeshi lililoitwa kwa Kiingereza King's African Rifles lilijulikana kwa watu wa Afrika ya Mashariki kwa jina fupi la Keya. Jina hilo latokana na herufi K.A.R., kama zilivyosikika kwa watu waliozisikia kila siku katika amri na katika mazungumzo ya askari waliorudi likizo. Jeshi lilianzishwa tarehe 1 Januari 1902 kwa kuunganishwa vikosi vya Afrika ya Kati, nchi ambayo baadaye iliitwa Nyasa, pamoja na vya Afrika ya Mashariki, vya Uganda na vya Somalia. Liliishi miaka sitini na kitu. Uhuru ulipofika, kila nchi ilichukua vikosi vyake na kuvipa jina jipya: Tanganyika mwaka 1961, Uganda mwaka 1962, Kenya mwaka 1963 na Malawi mwaka 1964.

Katika muda huo Keya ilipigana katika vita vikuu viwili vya dunia. Habari za vita hivyo zimeandikwa mara nyingi, na majina ya majemadari yanajulikana hata kwa watoto wa shule. Habari za maisha ya watu waliobeba bunduki, na za wake na watoto waliowangojea, ni chache. Na zile zilizopo aghalabu zimeandikwa kwa lugha ambayo wenyewe hawakuisema. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Maisha ya mtu nayo ni mali ya namna yake, na daftari lake ni maneno yake.

Makala haya yana hoja moja. Habari za maisha ya askari wa Keya na jamaa zao hazina budi kuhifadhiwa kwa maneno yale yale yaliyozisimulia, pamoja na Kiswahili cha kambini ambacho wataalamu wa lugha walizoea kukihesabu kuwa kibovu. Anayekisahihisha Kiswahili hicho kwa nia ya kukipamba huharibu ushahidi aliokusudia kuuokoa. Tena, kwa kuwa askari wenyewe karibu wote wamekwisha kufariki, shahidi wa leo ni nyumba ya askari, si kambi yake.

I. Hesabu pasipo majina

Vita vya kwanza vilipoanza mwaka 1914, Keya ilikuwa na vikosi vitatu tu, na askari wake hawakutimia 2,500. Vilipokwisha mwaka 1918, vikosi vilikuwa 22 na askari walizidi 30,000. Nyuma ya askari hao walikwenda wapagazi, ambao idadi yao upande wa Waingereza hukadiriwa kufikia milioni moja. Kati yao waliokufa hukadiriwa kuwa karibu 100,000, na wengi waliuawa na maradhi na njaa kuliko risasi. Mitaa ya Kariakoo mjini Dar es Salaam na Kariokor mjini Nairobi imechukua majina yake kutokana na jeshi hilo la wapagazi.

Katika vita vya pili hesabu ilikuwa kubwa zaidi. Watu walioandikishwa katika majeshi ya Afrika ya Mashariki, katika Keya na katika vikosi vya kazi na vya mizinga, walikuwa karibu 98,000 kutoka Kenya, karibu 87,000 kutoka Tanganyika, na karibu 77,000 kutoka Uganda. Walipigana Uhabeshi mwaka 1941 na Bukini mwaka 1942. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika ya Mashariki ilishuka katika bonde la Kabaw, mpakani mwa Bara Hindi na Burma, wakati wa masika makali, ikasonga mbele mpaka Kalewa na mto Chindwin mwezi wa Desemba.

Hesabu hizi zajulikana kwa sababu serikali ilizihitaji ili kugawa chakula, viatu na mishahara. Majina ni jambo lingine. Sanamu ya Askari iliyosimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927, mahali palipokuwa na sanamu ya Mjerumani Hermann von Wissmann, huwasifu askari na wapagazi kwa maandishi ya Kiswahili pia; lakini huwasifu wote kwa pamoja, wala haina jina la mtu hata mmoja. Mpita njia husoma kwamba watu walikufa, asijue ni nani waliokufa.

Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola iliundwa mwaka 1917 kwa kanuni kwamba kila aliyekufa vitani akumbukwe kwa jina lake, bila kubagua cheo wala asili. Mwaka 2021 Tume hiyo ilitoa taarifa ikakiri kwamba kanuni hiyo haikufuatwa kwa watu wote. Taarifa ilieleza kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika vita vya kwanza, na pengine hata 350,000, hawakukumbukwa kwa majina, na wengine huenda hawakukumbukwa kabisa. Na wengi wao walikuwa watu wa Afrika ya Mashariki, Afrika ya Magharibi na Misri. Tofauti baina ya hesabu hizo mbili inazidi 230,000. Tofauti ya namna hiyo yaonyesha ukubwa wa pengo ambalo ofisi peke yake haiwezi kuliziba. Baadhi ya majina hayo hayamo katika jalada lolote. Yakiwa yapo, yamo katika kumbukumbu za koo.

II. Yaliyokwisha kuandikwa

Si kweli kwamba hapana aliyeandika. Mwaka 1956 H. Moyse-Bartlett alitoa historia kubwa ya Keya, nayo hata leo ni msingi wa kila uchunguzi. Lakini kitabu hicho ni historia ya vikosi: huonyesha kikosi kilikotoka na kilikofika, na maafisa waliokiongoza. Waafrika wachache waliopata elimu waliandika wenyewe. Robert Kakembo wa Uganda alichapisha mawazo yake kama askari mwaka 1946. Waruhiu Itote wa Kenya, aliyepigana Burma kabla ya kuingia msituni katika vita vya Mau Mau, alitoa kitabu chake mwaka 1967. Wote wawili waliandika kwa Kiingereza.

Baadaye wakaja wachunguzi waliokwenda kuwauliza wazee. Geoffrey Hodges aliwasikiliza wapagazi wa Kenya waliokuwa bado hai, akatoa kitabu chake juu yao mwaka 1986. Melvin Page alikusanya masimulizi ya watu wa Malawi, na kitabu chake kilitoka mwaka 2000. Timothy Parsons aliwahoji askari wa zamani wa Keya, akaandika juu ya maisha yao mwaka 1999. Kazi hizi zastahili heshima, kwa maana bila ya hizo sauti nyingi zingezikwa pamoja na wenyewe. Hata hivyo, msomaji wa vitabu hivyo hukutana na sauti hizo kwa tafsiri. Asikiacho ni maana ya maneno ya mzee, wala si maneno ya mzee.

Kiswahili nacho hakikosi mapokeo ya kuandika vita na maisha. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy alitunga utenzi wa vita vya Wadachi kuitamalaki Mrima. Abdul Karim bin Jamaliddini akatunga wa Maji Maji. Hamed bin Muhammed el-Murjebi, aliyeitwa Tippu Tip, alisimulia maisha yake kwa nathari. Shaaban Robert aliandika maisha yake mwenyewe na wasifu wa Siti binti Saad, tena akatunga utenzi mrefu wa vita vya 1939 hata 1945, uliochapishwa mwaka 1967, miaka mitano baada ya kufariki kwake. Lakini utenzi huo huieleza vita kwa upana wake, kama alivyoitazama mshairi aliyekuwa nyumbani. Nafasi ya askari wa Keya kusimulia maisha yake kwa Kiswahili, kwa urefu na kwa mpango, imebaki karibu tupu.

Mfano mmoja waonyesha jinsi nafasi hiyo inavyoweza kujazwa. Kleist Sykes alizaliwa Pangani mwaka 1894. Baba yake alikuja kutoka Msumbiji pamoja na askari wa Wissmann, na Kleist mwenyewe alikuwa askari wa Wajerumani chini ya Lettow-Vorbeck. Baada ya vita alikuwa katibu wa kwanza wa Chama cha Waafrika, kilichoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1929. Wanawe Abdulwahid na Ally waliingia Keya katika vita vya pili wakafika Burma, kisha wakawa miongoni mwa waanzilishi wa TANU mwaka 1954. Kleist alifariki mwaka 1949, lakini aliacha maandishi juu ya maisha yake. Mjukuu wake, Daisy Sykes Buruku, aliyatumia maandishi hayo kuandika wasifu wa babu yake, ukatoka mwaka 1973 katika mkusanyo wa wasifu wa Watanzania uliohaririwa na John Iliffe. Mwaka 1998 Mohamed Said naye akachapisha kitabu juu ya Abdulwahid.

Basi katika nyumba moja vizazi vitatu vilichukua bunduki, na habari zao zimefika mikononi mwa wasomaji kwa sababu mbili: babu aliandika, na mjukuu alijua kwamba karatasi zile zina thamani. Nyumba nyingi zilikosa sababu ya kwanza, kwa kuwa askari wao hakujua kuandika au hakupata wasaa. Nyingine zilikosa ya pili, na karatasi zikaliwa na mchwa. Tena hata katika nyumba hii iliyobahatika, wasifu wa mwaka 1973 ulitoka kwa Kiingereza.

III. Kiswahili cha Keya

Hapa ndipo palipo na kazi ya wataalamu wa lugha. Katika vikosi vya Kenya, Uganda na Tanganyika lugha ya kazi ilikuwa Kiswahili. Vikosi vya Nyasa vilitumia Kinyanja. Wengi wa askari walitoka bara, na hawakuzaliwa katika Kiswahili. Maafisa wao Waingereza walijifunza lugha hiyo kwa haraka, ili waweze kuamuru. Kati ya hao wawili kikazaliwa Kiswahili cha kambini, ambacho wachunguzi wamekiita KiKAR, na ambacho Mungai Mutonya na Timothy Parsons walikieleza kwa kirefu mwaka 2004. Ajabu yake ni kwamba kilistawi katika miaka ile ile ambayo Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika ya Mashariki, iliyoundwa mwaka 1930, ilikuwa ikisanifisha Kiswahili kwa msingi wa Kiunguja. Kiswahili kimoja kilisanifishwa mezani, na cha pili kilikua katika uwanja wa kwata.

Tabia za Kiswahili hicho zajulikana. Upatanisho wa ngeli hupungua. Viambishi vya nafsi huachwa na mahali pake huwekwa mimi, wewe na yeye. Neno iko hufanya kazi nyingi. Na ukanushi wote hubebwa na neno hapana. Kwa mwalimu wa sarufi haya ni makosa ya kusahihishwa. Kwa mwandishi wa historia ni jambo jingine kabisa.

Ichukuliwe sentensi hii iwe mfano: Mimi hapana ona yeye kufa. Mhariri mwenye huruma ataiandika, Sikumwona akifa. Lakini msemaji huenda alitaka kusema, Sijaona kuwa amekufa. Sentensi ya kwanza ni ushahidi wa mtu asiyekuwapo wakati wa kifo, ingawa kifo chenyewe hakina shaka. Ya pili ni ushahidi wa mtu ambaye hata leo hana hakika ya kifo. Kwa mjane aliyeketi pembeni akisikiliza, baina ya sentensi hizo mbili mna umbali wa miaka. Neno hapana halikuchagua wakati, na mhariri aliyemchagulia msemaji wakati amemtia kinywani ushahidi asioutoa. Njia ya haki ni kuyaandika maneno kama yalivyo, kisha kumwuliza mwenyewe maana yake maadamu yu hai. Na kama hayupo, kuzitaja maana zote mbili bila ya kuificha hata moja.

Hali ni hiyo hiyo katika msamiati. Afande ni neno la Kituruki lililofika kwetu kwa njia ya Misri na Sudani, na lingali likitumika katika majeshi na polisi hata leo. Shaushi na ombasha, vyeo vya sajini na koplo, ni ya asili hiyo hiyo. Kikosi cha sita cha Keya, ambacho baadaye kilikuwa kikosi cha Tanganyika, kiliundwa mwaka 1917 na askari waliokuwa hapo kwanza wakiwatumikia Wajerumani. Kwa hiyo mzee aliyemwita mkubwa wake shaushi alikuwa akionyesha, pasipo kuulizwa, kwamba uaskari alijifunza katika jeshi la Wajerumani au katika makampuni ya zamani ya Wasudani. Mhariri akilifuta neno hilo na kuandika sajini, amefuta nusu ya maisha ya mtu huyo kwa wino mmoja.

Maneno mengine ya Keya yameingia katika Kiswahili cha watu wote mpaka asili yake imesahauliwa. Kruti ni askari mpya, korokoroni ni chumba cha kufungia wakosaji, na kwata ni mazoezi ya miguu na bunduki. Jina la Keya lenyewe ni neno la namna hiyo. Kamusi imeyapokea maneno haya kwa wema. Lakini kamusi huyaonyesha yakiwa peke yake, na neno hupata uzito wake katika kisa. Kisa cha mtu aliyelala korokoroni siku saba kwa kuchelewa kurudi kutoka msibani kwao kingemfundisha msomaji maana ya neno hilo, na maana ya utumishi wenyewe, kuliko fasili yoyote.

Yafaa itajwe pia kwamba wakati wa vita vya pili jeshi lilikuwa na magazeti yake ya Kiswahili, kama Askari na Heshima. Magazeti hayo yana faida kwa mchunguzi wa lugha, lakini yatumike kwa hadhari. Yalikuwa sauti ya jeshi kwa askari. Barua za askari kwa jamaa zao ndizo zilizo karibu zaidi na sauti yao wenyewe, na hizo nazo zilisomwa kwanza na wakaguzi wa jeshi. Mwandishi wake alijua hivyo alipokuwa akiandika, au alipokuwa akimwambia mwenziwe amwandikie.

IV. Nyumba ya askari

Mtu aliyeandikishwa mwaka 1945 akiwa na umri wa miaka 18 alizaliwa mwaka 1927. Hesabu hiyo ndogo yatosha kuonyesha kwamba wakati wa kuwauliza askari wenyewe umekwisha, au umebaki kama ncha ya mshumaa. Waliobaki ni watoto na wajukuu, na wajane wachache mno. Wako wanaowahesabu hawa kuwa mashahidi wa daraja la pili, kwa sababu hawakuwapo vitani. Hukumu hiyo si ya haki. Vita vilikuwa na upande wa nyumbani, na juu ya upande huo wao ndio mashahidi wa daraja la kwanza.

Mke wa askari aliijua siku ya mshahara uliotumwa na siku usiofika. Alijua nani aliyelima shamba, nani aliyelipa kodi, na nani aliyeisoma barua kwa sauti mbele ya watu. Katika miaka ya amani wake wengi waliishi kambini pamoja na waume zao, na watu wa makabila mbalimbali walikaa jirani; watoto wao walikulia katika Kiswahili kabla ya kuijua lugha ya babu zao. Kwa mchunguzi wa kuenea kwa Kiswahili bara, watoto hao ni habari kubwa, nayo ni mara chache kuandikwa.

Jambo zito kuliko yote ni habari ya waliopotea. Askari asiyeonekana baada ya mapigano huandikwa kuwa amepotea. Katika daftari la jeshi neno hilo ni la hesabu. Nyumbani lina mlango ulio wazi, kwa maana kilichopotea huenda kikaonekana. Katika sheria ya Kiislamu mke wa mtu aliyepotea bila habari hahesabiwi kuwa mjane mpaka kifo kithibitike au kadhi atoe hukumu. Eda yake haianzi, wala urithi haugawanywi. Hivyo neno moja la ofisini laweza kuyashika maisha ya nyumba nzima.

Mfano mkubwa wa msiba usiokuwa na makaburi ni wa meli ya Khedive Ismail. Meli hiyo iliondoka Mombasa mwezi wa Februari 1944 kwenda Colombo, katika kisiwa cha Ceylon. Tarehe 12 ya mwezi huo, karibu na visiwa vya Maldivi, ilipigwa na nyambizi ya Kijapani, ikazama katika muda wa dakika chache. Walikufa watu 1,297, wakaokoka 214. Wengi wa waliokufa walikuwa wa Rejimenti ya 301 ya Mizinga ya Afrika ya Mashariki. Hao hawakuwa Keya kwa jina, lakini walitoka katika vijiji vile vile na waliapa kiapo kile kile. Habari za meli hiyo zajulikana hata saa ya kuzama kwake. Habari za jinsi msiba ulivyopokewa katika nyumba za hao waliozama, za matanga yaliyowekwa na yale yaliyoahirishwa kwa kungoja hakika, bado hazijapata kitabu chake.

Kwamba habari za nyumbani si mapambo tu, Kibera ni shahidi. Askari wa Kisudani walikuwa nguzo ya vikosi vya kwanza vya Uganda na vya Afrika ya Mashariki, na wazao wao ndio Wanubi wa leo. Tangu mwanzo wa karne ya ishirini askari hao waliostaafu na jamaa zao walipewa ruhusa ya kukaa katika pori karibu na Nairobi, nao wakapaita kibra, maana yake kwa Kinubi ni msitu. Mwaka 1918 ardhi hiyo, zaidi ya ekari 4,000, ilitangazwa rasmi kuwa ya jeshi. Wenyewe walipewa vyeti vya kulima, lakini hawakupewa hati ya kumiliki. Kizazi baada ya kizazi waliambiwa kwamba ni wageni. Mwaka 2011 Kamati ya Wataalamu wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto iliamua kwamba haki za watoto wa Kinubi nchini Kenya zimevunjwa, hasa haki ya kutambuliwa uraia tangu kuzaliwa. Mwaka 2017 jamii hiyo ilipata hati ya ekari 288. Katika madai kama hayo, kujua babu aliingia jeshini lini, alitumikia kikosi gani na alipewa kiwanja wapi si mazungumzo ya jioni. Ni ushahidi wa haki.

V. Njia ya kuifanya kazi

Kwa hayo yaliyotangulia, kanuni chache zaweza kuwekwa kwa yeyote atakayeifanya kazi hii.

Kwanza, sauti irekodiwe, na maandishi yaifuate sauti. Msemaji akisema iko, iandikwe iko. Akichanganya Kiswahili na lugha ya kwao, michanganyo ibaki, na maelezo yawekwe kando. Nakala iliyosanifishwa yaweza kutayarishwa kwa wasomaji wa kawaida, lakini isichukue mahali pa ile ya asili.

Pili, majina yote ya mtu yaandikwe. Mtu mmoja aweza kuwa na jina la kuzaliwa, jina la dini, jina la utani alilopewa kambini, na jina aliloandikiwa na karani asiyejua kuitamka lugha yake. Karani Mwingereza aliandika kama alivyosikia, na sikio lake lilikuwa limelelewa na lugha nyingine; l na r zilichanganyika, na irabu za mwisho zikaanguka. Mtaalamu wa fonolojia anayezijua lugha za nchi aweza kurudi kutoka tahajia hiyo mpaka jina la kweli, na hapo jina lililo katika orodha ya waliokufa likakutanishwa na ukoo unaolitafuta. Hii ni huduma ambayo hapana mwingine awezaye kuitoa kwa urahisi kama wachunguzi wa lugha za Kiafrika.

Tatu, vitu vya nyumbani viulizwe habari zake. Medali za Uingereza za vita vya kwanza aghalabu zina namba, jina na jeshi la mwenyewe ukingoni. Nyota za vita vya pili, kama ile ya Afrika na ile ya Burma, Uingereza ilizitoa bila majina. Kwa hiyo nyota ya Burma iliyomo katika sanduku la bibi haiwezi kusema ilikuwa ya nani. Bibi akiondoka kabla ya kusema, inabaki kipande cha madini. Vyeti vya kuachishwa jeshini, picha na barua vipigwe picha pale pale nyumbani, na maneno ya mwenye navyo yarekodiwe akiwa amevishika.

Nne, masimulizi yapimwe. Mzee aliyepokea habari kwa baba yake hawezi kulaumiwa kwa kukosea mwaka, lakini mwandishi aweza kulaumiwa kwa kutouchunguza. Mahali na majira husaidia. Habari ya Bukini yaelekea mwaka 1942, na habari ya Gondar mwaka 1941. Habari ya kutembea matopeni siku nyingi katika bonde la Kabaw ni ya mvua za 1944. Daftari za kila siku za vikosi zimehifadhiwa London, katika Nyaraka za Taifa za Uingereza zilizoko Kew. Zisomwe sambamba na masimulizi, na isidhaniwe kwamba daftari ndilo hakimu siku zote. Mara nyingi daftari humtaja kwa jina afisa aliyekufa, na askari waliokufa pamoja naye likawataja kwa idadi. Kwa tarehe na mahali, daftari humsahihisha msimulizi. Kwa watu, msimulizi hulikamilisha daftari.

Tano, nakala irudi nyumbani. Habari iliyochukuliwa katika nyumba ya mtu ikaenda kukaa katika maktaba ya mbali imehama tu, haijahifadhiwa. Wenye habari wapewe sauti na maandishi yao, waulizwe lipi litangazwe na lipi lifichwe, na neno lao lifuatwe. Maana si kila habari ya vita ni ya fahari. Keya ilitumikia serikali ya kikoloni, nayo ilitumwa kupigana na watu wa nchi hizi pia, kama katika Kenya wakati wa Mau Mau. Ziko nyumba ambazo mtoto mmoja alikuwa askari na mwingine alikuwa msituni. Nyumba hizo zina haki ya kuzisimulia habari zao kwa kipimo chao, na mchunguzi asiwafanye mashujaa watu waliosema kwamba waliandikishwa kwa kutaka kodi ya kichwa.

Vyuo vikuu vya Afrika ya Mashariki vina wanafunzi wa isimu na wa historia kila mwaka, na wengi wao hutoka katika wilaya zile zile zilizotoa askari. Mwanafunzi akipewa kazi ya kuandika habari za nyumba moja tu ya Keya, kwa kanuni hizi, atakuwa amejifunza kurekodi, kunukuu na kuchambua lahaja. Na katika miaka kumi mkusanyo utakuwa umepatikana ambao hapana safari moja ya wachunguzi iwezayo kuuleta. Mapokeo yapo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimehifadhi miswada ya Kiswahili iliyokusanywa vijijini na mijini tangu miaka ya 1960, na miswada hiyo imewafaa watu ambao walioikusanya hawakuwajua. Iliyobaki ni kuyapa masimulizi ya askari na ya jamaa zao daraja ile ile iliyopewa tenzi, na kuyapokea pamoja na hapana na iko zake.